Mashine ya CBC (ya kuhesabu seli za damu): stabilaiza ya servo au UPS ya online?

Fundi_Wilaya: Wakuu, maabara ya kituo cha afya inafungiwa mashine ya CBC inayohesabu seli kwa impidansi (seli ikipita tunduni inazuia mkondo wa umeme). Umeme unacheza kati ya volti 180 na 255, na ukikatika jenereta huwaka baada ya nusu dakika. Hela inatosha kimoja tu: stabilaiza ya servo ya kVA 3 (inarekebisha volti) au UPS ya online ya kVA 1 (ina betri, na mzigo hupita kwenye inveta yake muda wote). Kipi?

Mita_Moja: Online. Stabilaiza inarekebisha volti tu. Umeme ukikatika, sampuli inakwama mrijani. Tena servo ni mota inayosogeza brashi juu ya koili, kwa hiyo volti ikiruka ghafla brashi inachelewa. Hesabu mzigo: mashine wati 200 hivi, kompyuta na skrini 100. UPS ya kVA 1 yenye pawafakta 0.8 (sehemu ya kVA inayopatikana kama wati) hubeba wati 800, na kwa mzigo huo mdogo nyingi hupokea 180 bila kugusa betri. Betri tatu za volti 12, Ah 9, zikiwa mpya, zitakupa dakika 20 hadi 30. Printa ya leza usiichomeke humo, hita yake inavuta mno.

Brashi_Kaboni: Mkuu, mtego uko kwenye jenereta. Hezi zake (mizunguko ya umeme kwa sekunde) zisipotulia, online inaukataa umeme wake na kubaki kwenye betri mpaka ziishe, huku jenereta inanguruma nje. Fundi anapima soketi, anaona 230, anailaumu UPS. Pima hezi! Gavana (kidhibiti mwendo wa injini) irekebishwe hezi zisome 52 hivi bila mzigo, zishuke karibu na 50 jenereta ikibebeshwa. UPS yenye menyu, panua wigo wa hezi. Na chumba cha nyuzi 35 kinakula karibu nusu ya umri wa betri ukilinganisha na cha 25. Zikichoka badilisha zote tatu, maana moja mbovu huua wenzake. Servo unabadilisha brashi tu.

Nyutro_Sifuri: Kabla ya kununua chochote, pima kati ya nyutro na arthi kwenye soketi ya mashine, sentrifuji (mashine ya kuzungusha sampuli) ikizunguka. Ikizidi volti 3 kuna kosa. Ikisoma 0.0 hata mizigo ikiwaka, fungua soketi, huenda mtu kaziunga humohumo. Kelele ya umeme huonekana kwanza kwenye chembe sahani kwa sababu ndizo ndogo kuliko zote: mashine inahesabu kelele kama seli. Endesha bakigraundi (kipimo bila damu) mara tatu. PLT (hesabu ya chembe sahani) ikizidi 10, chomoa sentrifuji urudie. Ikishuka, kosa ni umeme, acha kubadilisha reajenti (kemikali za kupimia). UPS haitakuokoa hapo, inapitisha arthi ileile.

Fundi_Wilaya: Nyutro na arthi: volti 6 sentrifuji ikizunguka, 1.5 ikizimwa.

Nyutro_Sifuri: Basi zinatumia nyutro moja, tena ndefu. Vuta waya wa 2.5 mm² kutoka DB (boksi la breka) kwa ajili ya CBC pekee, breka ampea 16. Fimbo ya arthi isome chini ya ohmu 5. Udongo ukiwa mkavu ongeza fimbo ya pili. Ukimaliza, pima tena sentrifuji ikizunguka.

Brashi_Kaboni: Kwa wigo huo wa volti, na gavana ikirekebishwa, nakubali online. Ila friji ya reajenti ipewe stabilaiza yake ndogo yenye kuchelewesha dakika 3, isichomekwe kwenye UPS. Kompresa ikianza inavuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida.