Likizo ya Juni na watoto Mtwara: Shangani, Mikindani au Msimbati?

MamaChuno aliuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wenyeji wa Mtwara na Lindi. Likizo ya Juni tunapokea wageni kutoka Dodoma: watoto watano, mkubwa ana miaka 12 na mdogo 3, pamoja na bibi yao anayesumbuliwa na magoti. Wote hawajawahi kuona bahari. Tuna siku tatu za kutoka na gari moja, Noah ya kawaida isiyo na fowili. Kila mtu ananitajia pwani yake: Shangani hapa mjini, Mikindani au Msimbati. Mimi nataka kujua siku gani twende wapi, tufike saa ngapi na tubebe nini.

---

Nahodha_Mkongwe:

Dada, kabla ya kuchagua pwani, tazama mwezi angani. Shangani ya saa nne asubuhi wakati wa bamvua na Shangani ya saa kumi alasiri siku hiyo hiyo ni pwani mbili tofauti. Asubuhi bahari imekimbia mbali, umebaki mwamba, mwani na vidimbwi. Alasiri maji yamefika juu mchangani. Wageni wengi wanafika na taulo mkononi, wanakuta hakuna pa kuogelea, wanarudi wakisema Mtwara haina ufukwe.

Hesabu yake si ngumu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Siku hizo, kwenye tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu, maji yamejaa kabisa kama saa kumi na robo alasiri, na yamekauka kama saa nne na robo asubuhi. Bahari hujaa mara mbili kwa siku, mchana na usiku, na kila siku inayofuata ongeza dakika 50. Kwa hiyo kwenye tarehe 10 hadi 12, na 25 hadi 27, maji yanajaa katikati ya mchana. Hizo ndizo siku za kuogelea watoto Shangani: ingieni saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, tokeni saa moja na nusu baada ya kujaa. Karibu na tarehe 8 na 23 ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haipandi sana.

Tarehe 1 hadi 3, au 15 hadi 17, ni za kutembea mwambani asubuhi. Watoto wa Dodoma watafurahia hilo kuliko kuogelea, niamini. Kwenye kidimbwi kimoja cha ukubwa wa sinia utakuta kaa wadogo, samaki wa kidole, kaa waliohamia kwenye magamba matupu ya konokono, na nyota za bahari. Waangalie, wasing'oe kitu wala kugeuza jiwe na kuliacha chali, kwa sababu walio chini yake wanakauka na kufa. Anzeni kutembea saa moja kabla ya maji kukauka kabisa, na yakianza kurudi nanyi mnarudi.

Hapo kwenye kurudi ndipo watu wanapokosea. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya tatu na ya nne peke yake huleta nusu ya maji yote. Tena hayaji kutoka mbele tu: yanapita kwanza kwenye mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yako, upande wa nchi kavu. Unasimama kwenye fungu kavu ukipiga picha, ukigeuka unakuta mkondo wa kiunoni kwako, na kwa mtoto wa miaka 3 huo ni wa kichwani. Mtu mzima mmoja abaki nchi kavu akiangalia mabonde hayo, si simu.

---

Taili_Chini:

Msimbati ni kama kilomita 45 kutoka mjini, na ndiyo pwani nzuri kuliko zote huku, sina ubishi. Mchanga mweupe, minazi, maji ya kioo. Ila mchanga wa kule ni laini, na Noah ina magurudumu madogo na tumbo la chini. Njia kuu utafika. Kosa ni kutaka kuegesha karibu kabisa na maji. Simama palipo na ardhi ngumu, mtembee.

Kama lazima uingie mchangani, punguza upepo wa taili kabla hujakwama, si baada. Kutoka psi 33 au 35 teremsha hadi 20. Taili inalala, inakanyaga eneo pana, haichimbi. Gia ya chini, mwendo wa taratibu usiokatika, usikate kona kali, usikanyage breki kwa nguvu. Gari likianza kuzama, acha mafuta papo hapo. Ukiendelea kukanyaga unachimba kaburi, na chassis ikikaa juu ya mchanga magurudumu hayana kazi tena. Abiria washuke, toa mchanga nyuma ya kila taili kwa beleshi, tandika mbao mbili au mikeka ya gari, kisha rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, kwa sababu hapo mchanga umeshashindiliwa. Beba pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye gari. Ukirudi lami na psi 20 taili inapata moto na inaweza kupasuka.

Usiegeshe chini ya mstari wa mwani mkavu. Mstari ule ndio bahari ilipofika jana.

Eneo lile ni hifadhi ya bahari, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu mwaka 2000. Kuna kiingilio, na samaki, matumbawe na magamba hayatolewi. Upande wa Ruvula kina kinaanza karibu na ufukwe: mtoto yuko magotini, hatua chache mbele hana chini. Wadogo wachezee ukingoni, mkono wa mtu mzima uwafikie. Kuanzia Julai hadi Novemba nyangumi wanapita pwani hizi na ndama wao. Juni mwishoni mkibahatika mtaona moshi wa maji kwa mbali.

---

Binti_Mikindani:

Kwa ajili ya bibi, siku moja wekeni Mikindani. Ni kilomita 10 hivi kutoka mjini, barabara ya lami. Juni ni kusi. Upepo unazidi kuanzia saa tano, na kwenye pwani zilizo wazi bibi atakula mchanga. Ghuba ya Mikindani imejikinga, maji yametulia kama ya bakuli.

Fikeni saa mbili asubuhi. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 liko kilimani kidogo, sasa ni hoteli. Gari linafika karibu, bibi hana haja ya kupanda. Atakaa kivulini na soda, watoto watembezwe mji wa zamani: nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya kuchonga, na mahali panapokumbukwa kwa Livingstone aliyeanzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Waonyesheni ukuta uliobanduka chokaa, waguse matumbawe yenyewe, yana vitundu kama vya sega la nyuki. Hapo wanaelewa kwamba nyumba ilitoka baharini.

Chakula: msibebe wali wa nazi. Ukipikwa alfajiri, mchana umeshachacha. Bebeni mihogo ya kuchemsha, mayai, ndizi, machungwa, samaki wakavu wa kukaanga. Sokoni mkikuta ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kusini, chukueni, chemsheni na chumvi, watoto watamenya wenyewe njia nzima. Maji ni lita 3 kwa mtu mzima na moja na nusu kwa mtoto, kwa hiyo kwa watu wanane dumu la lita 20 linatosha. Chupa mbili zigandishwe usiku na ziwekwe ndani ya deli: zinapoza matunda, zikiyeyuka mnakunywa.

---

Muuguzi_Lindi:

Naongeza la miguuni. Kandambili zinachomoka matopeni. Wavae yeboyebo zenye mkanda wa nyuma au raba za zamani. Mwambani kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Mwiba ukiingia, usiukamue wala kuuponda, unakatikia ndani. Toa unaoonekana kwa kibano, kisha mguu ukae kwenye maji ya moto ya kuvumilika kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mtu mzima ayapime kwa mkono wake kwanza, maana mtoto mwenye maumivu hatajua anaungua. Chupa ya chai yenye maji ya moto matupu inafaa sana kwenye mkoba. Akichomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, au samaki mwenye miiba ya sumu anayefanana na jiwe, huduma ni hiyo hiyo mkiwa njiani kwenda hospitali.

Konyeza, yule kiumbe laini kama jeli anayeelea majini, ni tofauti: suuza kwa maji ya bahari, yale ya kunywa yanazidisha mchomo. Usisugue na mchanga. Akianza kupumua kwa shida, hospitali mara moja.

Kuhusu Lindi, watoto wakiulizia dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale wa Tendaguru, waambieni ukweli: mifupa ilichimbwa mwaka 1909 hadi 1913 na ile mashuhuri, yenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, iko Berlin. Kule porini hakuna mifupa iliyosimama ya kuwaonyesha, na njia si ya Noah.

---

MamaChuno:

Asanteni sana, nimeandika yote. Na kuvuka kwenda Msangamkuu, ng'ambo ya bandari, na watoto hawa, inafaa?

---

Nahodha_Mkongwe:

Inafaa, kwa kivuko. Mashua ndogo ziacheni kama hazina jaketi okozi za saizi ya watoto. Mvalishe, funga, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi: likimpanda hadi masikioni ni kubwa, na majini litamvuka kichwa. Kwenye kivuko shukeni garini wote, vioo wazi. Wasiogelee karibu na gati wala kwenye mlango wa bandari, mkondo pale una nguvu maji yakipwa. Ulizeni safari ya mwisho ya kurudi kabla hamjashuka, maana Juni jua linazama mara tu baada ya saa kumi na mbili.