Uliyeandika "nimesafisha" kwenye grupu la klabu ya gemu, tunakujua

Fremu_Sitini (mtoa mada):
Wakuu, salamu baadaye. Mkono unatetemeka hapa.

Simtaji, hakuna asiyemjua. Hata bosi wa pangoni, ambaye ni pikseli tupu, anamjua. Jana saa 5:40 usiku, siku tatu kabla ya gemu kuonyeshwa, kaandika hivi kwenye kompyuta yake, amri ya Git (programu inayotunza historia ya kazi yetu sote) ya kulazimisha nakala yake ikae juu ya main, tawi kuu la wote:

git push --force origin main

Kisha kaingia kwenye grupu, kaweka neno moja: nimesafisha. Na kidole gumba juu.

Kasafisha nini? Komiti 46, yaani mabadiliko 46 tuliyokwisha kuyahifadhi! Siku 11 za watu 14! Ngazi ya tatu nzima, menyu ya kusimamisha mchezo, sehemu ya kuhifadhi alama, na yule bosi anayekunja bawa kwa fremu (picha) 24. Panya wakiingia ghalani huacha japo maganda. Huyu kafagia na ghala lenyewe.

Na Git ilimkatalia! Alipojaribu mara ya kwanza ikamrudisha, ikamwambia wazi: huko kuna kazi ambayo wewe huna, ichukue kwanza. Nakala yake ilikuwa ya siku 11 nyuma. Badala ya kuvuta, kaona Git inamletea ubishi, kabandika --force. Angetumia hata --force-with-lease, ile ingemzuia, maana inaangalia kwanza kama tawi la kule bado liko vile ulivyoliona mara ya mwisho.

Sikieni sasa alichokuwa akikiita uchafu. Mafaili yote ya .meta. Eti yamejaa kila folda na hayana kazi. Kila faili kwenye folda ya Assets, Unity (programu tunayotengenezea gemu) hulitengenezea .meta yake, na ndani yake kuna kitambulisho cha herufi 32. Mandhari ya gemu hayakumbuki jina la picha wala la skripti (faili la maagizo ya gemu), yanakumbuka hicho kitambulisho. Ukifuta, Unity ikifunguliwa inatengeneza kingine kipya, na kila kilichokuwa kinaelekea kwenye kile cha zamani kinaelekea hewani. Fungueni ngazi ya kwanza sasa hivi mjionee. Mchezaji hana sura. Pale palipokuwa na skripti ya kuruka pameandikwa Missing, yaani haipo. Ya kukimbia, Missing. Mlango, Missing. Gemu zima limekuwa Missing.

Halafu mtu anasema nimesafisha. Nimesafisha!

Tawi_Kavu:
Mtoa mada, punguza kilio. Watu 14 wote mna ruhusa ya kusukuma moja kwa moja kwenye main, halafu mnashangaa ng'ombe kaingia shambani? Ua uko wapi? Nenda kwenye mipangilio ya hifadhi, sehemu ya matawi, weka sheria juu ya main: kila badiliko lipitie ombi la kuunganisha, mtu 1 alikague, na kusukuma kwa nguvu kuzuiwe. Kisha hakikisha sheria hiyo inawafunga na wasimamizi, kwa sababu usiku wa manane wasimamizi ndio wanaoharibu. Dakika 5 hazifiki. Mngefanya siku ya kwanza, leo usingekuwa na uzi.

Fremu_Sitini:
Mkuu, hata mlango ukiwa wazi mtu mwenye akili hafagii sebule ya watu na kuweka kidole gumba. Neno ndilo linaniuma. Nimesafisha.

Mzee_wa_Reflog:
Acheni kugombana kwanza, MTU YEYOTE ASIVUTE. Ukivuta sasa unaweza kuunganisha kazi yako na ule ufutaji wa .meta, na utakuwa umeuleta nyumbani kwa miguu yako. Mtafuteni aliyevuta mwisho kabla ya saa 5:40. Aandike git log -1, aone kama komiti iliyo juu ni ile ya mwisho iliyokuwa sawa. Kama ndiyo, aandike git branch uokoaji, kisha git push origin uokoaji. Kazi yote imerudi, komiti zote 46. Kama keshavuta, aandike git reflog show origin/main, achukue namba ya mstari wa chini ya ule wa kulazimishwa, atengeneze tawi kutoka hapo. Git haifuti upesi. Komiti iliyoachwa yatima inabaki kwenye reflog (daftari la Git la kila mahali tawi lilipopita) siku 30 kama hamkugusa mipangilio. Mkishaona ngazi ya tatu inafunguka, ndipo mrudishe main ilipokuwa.

Fremu_Sitini:
Asante sana mzee, tawi limeshapanda, bosi anakunja bawa. Lakini "nimesafisha" bado ipo kwenye grupu na hajaifuta.

Bi_Pikseli:
Mnalia kuhusu skripti tu. Hivi mnajua kwenye .meta ya picha kuna nini? Ile karatasi ya mhusika, 1024 kwa 1024, imekatwa vipande 64 vya 128 kwa 128. Mikato yote 64 na majina yake imo kwenye .meta, haimo kwenye PNG. Vilevile ile "Point" inayozuia pikseli zisivurugike zikawa ukungu. Kwa hiyo aliyefuta alifuta kazi ya wachoraji pia, na hakuna mmoja wenu aliyelisema.

Na nikiwa bado hapa: aliyeagiza mchoro wa kiti uwe 4096 kwa 4096 ajitokeze. Picha hiyo ikikaa kwenye kumbukumbu bila kubanwa inakula MB 64. Kiti! Kwenye skrini kina urefu wa pikseli 90. Ukikitengeneza 256 kwa 256 kinakula KB 256 na hakuna jicho litakaloona tofauti. Kisha mnauliza kwa nini gemu linakwama.

Herufi_Ndogo:
Dada, wachoraji mna yenu pia. Mlango_mwisho.png, Mlango_mwisho2.png, mlango_MWISHO_kabisa.png. Lipi? Na hizo herufi kubwa ndogo mnazochanganya: kwenye Windows skripti ikiita mlango.png na faili likiitwa Mlango.png linafunguka, kila mtu anafurahi. Toleo la Linux likitoka, mlango haupo. Herufi ndogo zote, mstari wa chini kati ya maneno, tarehe hapana, "mwisho" hapana. Kazi ya kukumbuka lipi ni la mwisho ni ya Git.

Bi_Pikseli:
Mkitupa orodha ya majina mapema tutaifuata. Huwa mnaitoa baada ya kila kitu kuchorwa.

Sekunde_Moja:
Mimi nina ugomvi na walioandika mwendo wa mhusika. Mmemsogeza hatua sawa kila fremu bila kuzidisha kwa Time.deltaTime, muda uliopita tangu fremu ya kabla yake. Kwenye skrini ya herzi 60 anatembea vizuri. Kwenye ya 144 anakimbia mara 2.4 ya hapo, anapita ukutani, anaanguka nje ya ramani. Mkaguzi akija na laptopu ya kisasa mtasema kompyuta yake ina jini. Mambo ya fizikia yapelekeni kwenye sehemu ya skripti iitwayo FixedUpdate, ile inapiga mara 50 kwa sekunde hata skrini iweje. Ila kitufe cha kuruka kisomeni kwenye Update, inayopiga kila fremu, la sivyo kuna mibonyezo itapotea na mtalaumu kibodi.

Tawi_Kavu:
Hili la kitufe ni kweli tupu. Nusu ya malalamiko ya "kuruka kunagoma" chanzo chake ni hicho.

Sikio_la_Klabu:
Watu wa sauti hamjatuuliza lolote, kama kawaida yenu. Mnatukumbuka siku mbili kabla ya maonyesho: "weka muziki kidogo." Kidogo ni ngapi? Halafu kuna aliyeingiza WAV ya dakika 3 kwa kila ngazi. WAV ya 44.1 kHz, biti 16, stirio, ni kama MB 10 kwa dakika. Ngazi 5 ni MB 150 za muziki pekee, gemu lenyewe halifiki hapo. Na aliyejaribu kuokoa nafasi kwa MP3 kaharibu zaidi: MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo muziki ukijirudia unasikia shimo, kila baada ya dakika 3, kama mtu anayekata pumzi. Kwa muziki wa kuzunguka tumieni Ogg.

Herufi_Ndogo:
Kumbe lile shimo! Tumetafuta hitilafu kwenye skripti ya muziki wiki nzima.

Fremu_Sitini:
Mkuu wa sauti, Ogg ya ubora gani? Na hatua za mhusika zinasikika kama mashine ya kushonea, tufanyeje?

Sikio_la_Klabu:
Ubora wa 5, inakuja karibu kbps 160, dakika 3 ni kama MB 3.6. Hatua msitumie sauti moja. Rekodi 5 au 6 tofauti, skripti ichague moja kwa bahati nasibu, isirudie iliyotoka kupigwa, na kila mara iibadilishe kimo cha sauti (wembamba au unene wake) kati ya mara 0.95 na 1.05. Sauti fupi kama hizo ziacheni WAV, ni ndogo na zinaitika papo hapo. Na muache kuirekodi hatua chumbani feni ikiwa inazunguka, ninaisikia feni hadi pangoni kwa bosi.