Nitakuaje katika imani wakati hata kusali kumenishinda?

Swali, kutoka Magomeni, Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu, ni miezi mitano sasa tangu tumzike mume wangu, aliyeugua figo kwa karibu miaka miwili, na katika muda huo tuliuza ngalawa, nyavu na hatimaye kiwanja tulichokinunua kwa fedha za upatu. Nimebaki na watoto watatu na karai langu la kukaangia samaki, na siku samaki wakiadimika sipati hata fedha ya kuni. Tangu tulipoanua matanga, kila anayenitembelea, wakiwamo wenzangu wa jumuiya, huniambia kwamba Mungu ana makusudi na kwamba dhiki hii itanikuza. Nimeisoma sura ya 5 ya Waraka kwa Warumi, pale Mtume Paulo anaposema kwamba dhiki huleta saburi na saburi huishia katika tumaini, lakini ndani yangu naona hasira tu, na usiku watoto wanaposubiri nianzishe Baba Yetu, sauti haitoki. Je, mtu aliye katika hali hii anaweza kukua, au nimekwisha kupotea?

Jibu la kwanza, katekista, Bagamoyo

Milele amina, mama. Pole sana kwa msiba, na pole pia kwa maneno uliyoambiwa mapema mno.

Ukipita kwenye makaburi ya misheni yetu utaona ni wangapi waliozikwa pale wakiwa bado vijana. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi hapa mwaka 1868, wakawapokea watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto waliokwisha kupoteza wazazi, ndugu na hata jina la kijiji walikotoka. Haukupita muda, kipindupindu kikaingia. Kisha mwaka 1872 kimbunga kikabomoa sehemu kubwa ya majengo yao. Sisemi kwamba Mungu alikituma kimbunga kile ili kuwafunza watu waliokwisha kuteswa kiasi kile, na ninasikitika ninaposikia jambo hilo likihubiriwa. Ninachosema ni kwamba waliokuwa wakiokota miti na makuti kwenye matope siku ile hawakujiona wakikua hata kidogo. Walikuwa wakitafuta pa kulala. Sisi ndio tunaokuona kukua kwao, kwa sababu tunasali mahali walipoanzia. Kwa hiyo usijipime kwa miezi mitano, mama. Na sauti isipotoka, mwachie mtoto mkubwa aianzishe sala, nawe kaa pale pale.

Jibu la pili, mama Mlutheri, Ngamiani, Tanga

Bwana Yesu asifiwe, dada yangu. Nilimzika binti yangu miaka sita iliyopita, na kwa muda mrefu Zaburi niliyoweza kuisoma ni ile ya 88 peke yake, kwa kuwa haina mwisho mwema: mwombaji analalamika tangu mwanzo, na inamalizika gizani. Nilijiambia kwamba ikiwa maneno hayo yamo ndani ya Biblia, basi hata malalamiko yangu ni sala. Wazee wetu hutuambia tusimlalamikie Mungu, lakini Ayubu alilalamika, na mwishowe Mungu aliwakasirikia rafiki zake waliojifanya kumtetea, akasema kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Rafiki hao walifanya vema siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno.

Unauliza kama nilikua. Sikulijua hilo mpaka jirani yangu, Mwislamu, alipofiwa na mwanawe. Nilijikuta nimekwisha kumpelekea maji na kuni, nimekaa naye mkekani tangu alasiri hadi usiku, wala sikumwambia lolote kuhusu makusudi ya Mungu. Zamani ningemhubiria.

Jibu la tatu, kijana, Muheza

Kwa heshima zote, naona tunakwenda mbali. Yesu mwenyewe alisema kwamba chembe ya ngano isipoanguka katika ardhi ikafa, haizai. Je, si kweli kwamba mateso ni ya lazima ili mtu akue?

Katekista tena

Mwanangu, Yesu aliyasema hayo juu ya kifo chake mwenyewe, alichokwenda kukipokea kwa hiari. Hakumwambia mjane kaburini. Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mateso aliyoyaita mwiba wa mwilini, wala hakukemewa kwa kuomba. Aliambiwa kwamba neema inamtosha, na mwiba ukabaki. Neema ndiyo inayokuza. Mateso tuyaombee yaondoke, na aliye ndani yake tumsaidie kuni.

Muulizaji

Nawashukuru sana, hasa mama wa Tanga. Jana usiku mwanangu wa pili ndiye aliyeanzisha Baba Yetu, nami nikaitikia mwishoni, amina tu. Alhamisi jumuiya inasali nyumbani kwangu. Nitawaomba tuisome Zaburi hiyo ya 88 yote, kisha tukae kimya kidogo, na siku hiyo mtu yeyote asinipe ushauri.