Naomba ushauri: skuta ya cc 50 iliyolala muda mrefu, ninunue?

Habari zenu wakuu. Nimepata skuta ndogo ya cc 50, injini ya mipigo miwili, gia otomatiki. Bei ni nafuu kweli kwa sababu imelala muda mrefu bila kuwashwa. Nataka kuifufua mwenyewe, maana kazi hii naipenda na spana ninazo.

Nimeikagua. Kiki ina ubishi, kwa hiyo naamini kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) bado ipo. Plagi ni nyeusi, imelowa oili, lakini cheche inatoa. Shida iko kwenye mafuta: petroli ya zamani imebadilika rangi na inanuka kama vanishi, na ndani ya tangi kuna kutu. Kabureta lazima niifungue, jeti ndogo ya sailensa (kitundu kinachopitisha petroli injini ikinguruma bila kupewa moto) ndiyo huziba mapema.

Kinachoniumiza kichwa ni pampu ya oili, ile inayopeleka oili ichanganyike na petroli ili kulainisha injini. Ikiwa imekufa nami nikaiamini, pistoni itakwama ndani ya silinda. Nimewaza niiwashe kwa petroli iliyochanganywa oili, oili 1 kwa petroli 50, huku nikiangalia kama oili inatembea kwenye mpira wake. Inatosha kuwa kipimo, au bora niiondoe kabisa pampu niwe nachanganya kila ninapojaza? Mkanda wa gia una nyufa, huo nabadilisha bila mjadala.

Kutu ya tangi je, siki inaitoa vizuri au nitafute tangi jingine? Mliowahi kufufua skuta za namna hii, nisaidieni kabla sijatoa hela.