Shule yetu inunue chakula kwa vikundi vya wanawake: tuanzie wapi?

Mkazi wa Nzuguni: Wakuu, habari. Niko kwenye kamati ya manunuzi ya shule binafsi ya bweni hapa Dodoma. Unga, maharage na mafuta vyote tunachukua kwa wafanyabiashara wa jumla mjini. Kongwa wanalima mahindi, Bahi mpunga, alizeti iko kila upande, na kina mama wanahangaikia soko. Inaniuma. Mkuu wa shule amekubali tujaribu, ila mhasibu anahofia ubora na bei. Nishaurini.

Kalamu Nyeusi: Mkuu, taasisi za umma zinabanwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023. Zinatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Nyie hambanwi, lakini mnaweza kujiwekea kiwango chenu. Muone afisa maendeleo ya jamii akuonyeshe vikundi vilivyokopa kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha vikundi, vikarejesha. Hivyo vina uongozi.

Mama Nyemo: Mwanangu, mimi ni muuzaji. Kikundi chetu kilipeleka mafuta ya alizeti taasisi fulani, malipo yakakaa miezi. Mtaji ukakatika, alizeti ikapanda bei, wenzetu wengine wakajitoa. Hiyo asilimia 30 itamfaa nini mtu asiyelipwa? Lipeni mzigo ukipokelewa, au tangulizeni nusu. Na msitake mafuta ya muhula mzima kwa mkupuo, tupeni oda ya kila mwezi. Oda ndogo ya uhakika tunaimudu.

Bwana Shamba: Kwenye mahindi msilegeze hata kidogo. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, na kuipika hakuiondoi. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, unyevu usizidi asilimia 13.5, na sampuli ipimwe maabara. Masharti hayohayo yamhusu na mfanyabiashara wa mjini, maana sijui kama mmewahi kumpima.

Mkazi wa Nzuguni: Hatujawahi, kwa kweli. Basi tuanze na mafuta na maharage, mahindi yafuate tukipata kipima unyevu. Mama, la malipo nalipeleka kwa mhasibu kesho. Bei ya mafuta ikizidi ya dukani je?

Mama Nyemo: Mnafuga?

Mkazi wa Nzuguni: Kuku na nguruwe.

Mama Nyemo: Basi chukueni na mashudu, yale mabaki ya alizeti baada ya kukamua mafuta, muwalishe. Tukiwa na mnunuzi wa uhakika wa mashudu, mafuta tunapunguza bei.