Naomba ushauri: nifundisheje maana za neno "bank"?

Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, na "bank" linatutesa. Wanafunzi wanajua benki ya pesa tu. Wakikuta "river bank", yaani ukingo wa mto, wanaandika benki ya mtoni! "Bank on me", yaani nitegemee, ndiyo inawaacha hoi kabisa.

Asili yake naipenda mno. La pesa limetoka Kiitaliano, banca, benchi au meza ya wabadilisha fedha; la ukingo wa mto lilitoka lugha za Skandinavia. Ukirudi nyuma zaidi, yote yana mzizi mmoja wa Kijerumaniki, yaani familia ya lugha yenye Kiingereza, Kijerumani na hizo za Skandinavia.

Walimu wenzangu, nianze na historia hii au niwape sentensi kwanza wabaini wenyewe? Darasa ni kubwa, na kamusi hazitoshi.