Safari moja, faini mbili: hili ni kosa moja au mawili?

Usukani Mkononi
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Jumamosi nimepigwa tochi, yaani kile kipima mwendo cha trafiki, mara mbili katika safari moja. Makazi ya kwanza, kibao cha 50, nikasomwa 72. Nikasimama, sikubishana na mtu, nikaandikiwa, nikalipa palepale kwa simu saa 4:16, nikaondoka. Katikati ni barabara wazi yenye kibao cha 80. Kilomita 12 mbele, makazi mengine, kibao cha 50, nikasomwa 69. Karatasi ya pili imeandikwa saa 4:23. Nikamwonyesha trafiki risiti ambayo bado ya moto, akanijibu hiyo ni ya kule, hapa ni hapa.

Sasa nauliza. Dereva yuleyule, gari lilelile, barabara ileile, haraka ileile. Mtoto akivunja sahani humchapi jikoni ukaja kumchapa tena sebuleni. Na kinachoniuma zaidi, kabla ya tochi ya pili kuna gari lilinimulika taa, mimi nikadhani nasalimiwa.

Bi Sharia
Kaka, pole kwa hasara, ila mfano wako unakuumbua. Wewe ulivunja sahani mbili. Kanuni ya kutohukumiwa mara mbili ipo na ni nzito. Imo katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 14. Lakini inazuia kurudiwa kwa kosa *lilelile* lililokwisha kuamuliwa. Kosa lako la kwanza lilikamilika uliposomwa 72. Ukasimamishwa, ukakumbushwa sheria, ukalipa. Ulipowasha gari tena ulikuwa na uamuzi mpya mkononi mwako, hukuwa unaendeleza ule wa zamani. Kama wangekuandikia mara mbili kwa kusomwa pale pale, na mimi ningesimama upande wako.

Mzee Klachi
Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mwanangu. Nimeshika usukani wa lori miaka 31, nayajua machungu hayo. Ila jambo moja nikwambie: huyo aliyekumulika alikuonyesha utu. Sisi wa zamani tulikuwa tunalindana barabarani. Ukiona taa zinawaka na kuzima mara mbili, toa mguu kwenye mafuta, kuna jambo mbele. Vijana mmeachiwa magari, hamkuachiwa lugha yake.

Muuguzi wa Zamu
Mzee Klachi, shikamoo. Nakuheshimu, lakini hapo kwenye "utu" siwezi kunyamaza. Unapomulika hujui unammulikia nani. Anaweza kuwa mlevi. Anaweza kuwa mtu anayetoroka baada ya kumgonga mtoto. Wote hao umewaambia wajiweke sawa wapite salama, na wakishapita wanarudi walikokuwa. Mimi nawapokea waliogongwa. Dereva mara nyingi anakuja anatembea mwenyewe, anayebebwa ni yule aliyekuwa anavuka. Utu wa huyo nao uko wapi?

Kaka Tairi
Dada Muuguzi, tulia kwanza. Aliyemulikiwa si anapunguza mwendo? Na lengo la tochi si watu wapunguze mwendo? Basi lengo limetimia bila mtu kulipa. Ukikasirika kwa sababu watu wamepunguza mwendo, maana yake unataka faini, hutaki usalama.

Na kuhusu mada: nimewahi kusoma kwamba Uingereza makosa ya siku moja yanahesabiwa moja. Kwa hiyo Usukani ana hoja.

Muuguzi wa Zamu
Usinitafsirie ninachotaka. Wanapunguza kwa mita mia tatu, Kaka Tairi. Mita mia tatu! Halafu wanafidia. Mleta mada mwenyewe ni ushahidi: huyu hakumulikiwa tu, *alilipishwa*, na kilomita 12 baadaye alikuwa 69 kwenye makazi ya watu. Kama faini haikumshusha, taa zingemshusha kwa muda gani?

Usukani Mkononi
Nimekuja kuuliza sheria, naona nageuzwa mfano wa wauaji. Sijamgonga mtu maishani mwangu. Mzee Klachi naye ananipiga methali kama mtoto. 69 si mwendo wa kuua, tusikuze mambo.

Hesabu Haidanganyi
Hapo kwenye "si mwendo wa kuua" ndipo umenivuta, nilikuwa napita tu. Ukiwa 50 kwa saa unakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukiwa 72 ni mita 20 kamili. Sekunde moja tu ya kushtuka, kabla mguu haujagusa breki, umeshatangulia mita 6 mbele ya yule wa 50. Na nguvu ya gari haipandi sawa na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Gari lenye 72 linabeba nguvu zaidi ya mara mbili ya gari hilohilo likiwa 50. Hiyo 69 yako ni karibu mara mbili.

Halafu tazama saa ulizoandika mwenyewe. Umelipa 4:16, umeandikiwa 4:23. Dakika 7 kwa kilomita 12 ni wastani wa 103 kwa saa, na hapo nimekuhesabia kana kwamba hukutumia hata dakika moja kusimama na kuandikiwa. Kibao cha katikati umesema ni 80. Yapo makosa matatu, umeandikiwa mawili.

Kaka Tairi
Hesabu, sasa wewe umekuwa trafiki wa mtandaoni. Mtu ameomba msaada unamwongezea kesi!

Hesabu Haidanganyi
Hakuomba msaada, aliuliza kama ni kosa moja. Zipo nchi zinazofunga kamera mbili, moja mwanzo wa kipande na nyingine mwisho, zinagawa umbali kwa muda. Kwa utaratibu huo hoja yake ya "safari moja" ingekubalika kabisa: kipande kimoja, kosa moja. Ila lingekuwa kosa la 103.

Bi Sharia
Nirudi kwa Kaka Tairi kuhusu Uingereza, maana jambo likishaandikwa nusu litanukuliwa hivyo hivyo. Si "siku moja". Sheria yao ya wakosaji wa barabarani ya 1988 inasema makosa yaliyotendwa katika *tukio moja*, na inazungumzia pointi za adhabu zinazoandikwa kwenye leseni. Kwa kawaida zinachukuliwa za lile kosa lenye pointi nyingi, hazijumlishwi, isipokuwa mahakama ikiona vinginevyo. Makosa yenyewe yanabaki kuwa mawili. Na kama kusimamishwa, kulipa na kuondoka upya bado ni tukio moja, hapo wakili wako atatoka jasho.

Tena mashtaka mengi kwa safari moja hayakuanza leo. Mwaka 1896, huko Kent, Walter Arnold alikwenda maili 8 kwa saa mahali pa maili 2, askari akamkimbiza kwa baiskeli. Alishitakiwa makosa manne kwa mwendo ule mmoja, likiwamo la gari kukosa jina na anwani ya mwenyewe.

Mzee Klachi
Manne! Kwa maili 8!

Muuguzi, marahaba. Nimerudia ulichoandika mara mbili. Mlevi sikuwahi kumfikiria, nasema kweli. Kichwani mwangu anayemulikiwa siku zote ni dereva mwenzangu aliyechoka, mwenye familia, anayeogopa mshahara kukatwa. Lakini taa siwezi kuziacha. Nimewahi kukuta lori limelala barabarani usiku baada ya kona, na aliyeniokoa ni mtu wa kumulika tu. Sijui jina lake mpaka leo.

Muuguzi wa Zamu
Hiyo ya lori, mulika mzee wangu, mulika na honi upige. Mimi nasemea tochi tu.

Mzee Klachi
Anayemulikiwa atajuaje kama ni tochi au ni lori?

Muuguzi wa Zamu
Hatajua. Na kwa kuwa zimetumika sana kwa tochi, wengine wakimulikiwa wanatafuta trafiki kwa macho, wasipomwona wanakanyaga tena. Hilo ndilo linalonitisha.

Usukani Mkononi
Nimesoma yote. Hesabu, dakika zako ni sahihi, nimezipiga mwenyewe kwenye simu. Nilikuwa nafidia muda niliopoteza kwenye faini ya kwanza. Bado naona faini ya pili ingeweza kuwa onyo, kwa mtu aliyetoka kulipa sasa hivi. Hilo sijalikubali.

Kaka Tairi
Onyo ndiyo haki yenyewe, nakuunga mkono. Ila mmekwepa swali kubwa: kwa nini tochi ikae nyuma ya mti? Kama ni usalama, si akae mahali anapoonekana kutoka mbali?

Bi Sharia
Akionekana kutoka mbali tunarudi kwenye mita mia tatu za Muuguzi.

Kaka Tairi
Lakini kibao je? Kibao kinaonekana kutoka mbali na hakuna anayelalamika. Nijibuni hapo kwanza.